Sura ya Nne: Alama za Milangoni

Nyumba ya kwanza walimwambia, "Gari halikupita, afande, na hatukusikia kitu." Nyumba ya pili nako wakamwambia gari halikupita na hawakusikia kitu. Ya tatu hivyo hivyo. Alipofika ya tano, Inspekta alifunga kalamu yake, akaitia mkobani, akaendelea kubisha milango iliyobaki kwa adabu tu, maana alichotaka kukijua alikuwa ameshakijua: kichochoro kizima kilikuwa kinamdanganya.

Hakuwa mtu wa kukasirishwa na uongo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye goti bovu alilolipata zamani akimkimbiza mwizi wa baiskeli, na kituoni wenzake walimwita Kobe bila kujua kwamba anajua. Uongo kwake ulikuwa kama unga kwa mwokaji. Huwezi kuifanya kazi bila kujipaka. Kilichomshangaza ni kwamba uongo huu ulikuwa wa kipimo kimoja nyumba hadi nyumba. Katika miaka yake yote ya upelelezi hajapata kuona majirani watano wakakubaliana hata juu ya rangi ya paka. Mmoja angesema alisikia kwa mbali, mwingine angesema alikuwa bafuni, wa tatu angeanza kusimulia habari za mumewe. Hawa walisema maneno yale yale, wakatazama chini, kisha wakamkaribisha kiti.

Jambo lenyewe halikuwa na kona nyingi. Wiki iliyopita baraza la mji lilisafisha tangi kubwa la maji kwa dawa kali, na wakazi wote walitakiwa kuteka maji ya akiba mapema, wasiguse bomba mpaka jioni. Baraza lilikuwa na njia tatu za kuwafikia watu wake. Ya kwanza ni ubao wa matangazo nje ya ofisi, ambao msomaji wake mkubwa ni mvua. Ya pili ni ujumbe wa simu, lakini transfoma ya upande ule ilikuwa imelipuka siku moja kabla, simu zote zikazima. Ya tatu ni gari la matangazo lenye spika mbili juu. Mji mzima uliteka maji isipokuwa kichochoro hiki. Watu wake waliugua matumbo, na binti wa fundi cherehani, mtoto ambaye kila mtu alimwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kunyamaza, alikunywa kikombe kizima kabla ya kifungua kinywa. Koo lake liliungua. Alikuwa hospitalini bado, na madaktari walisema atapona, ila mpaka siku hiyo alikuwa hajatamka neno.

Kesho asubuhi kamati ya baraza ingekaa kumjadili mtangazaji wa gari. Ripoti ya Inspekta ikisema hakupita, angefukuzwa kazi, na kutoka hapo angepelekwa mahakamani kwa uzembe uliomdhuru mtoto.

"Sasa unazunguka nini, afande?" Katibu wa baraza alimuuliza alipopita ofisini kwake. Alikuwa mtu nadhifu, mezani kwake hata klipu za karatasi zilikuwa zimetazama upande mmoja. "Mtu kauza mafuta ya gari, kaenda kulala. Andika uzembe, tumalize."

"Mafuta mmeyapima?"

"Ya nini kuyapima? Kichochoro kizima kinasema hakupita."

"Hapo ndipo ninaposumbuka. Kinasema vizuri mno."

Katibu alicheka kidogo, akasogeza klipu moja. "Mimi kinachonishangaza ni wao. Ukiitisha mkutano wa hadhara, kichochoro kile ndicho huwahi. Ukiitisha usafi, wametoka na mafagio kabla yetu. Wengine nawatangazia mpaka gari linakauka betri, hawaji. Watu makini namna ile, leo wote wakose habari? Basi aliyekosa ni mwenye gari."

Inspekta aliyaweka maneno yale mahali.

Alimkuta mtangazaji uani mwa ofisi, anafuta vumbi kwenye spika kwa kitambaa. Mji mzima ulimjua kwa jina la Kipaza, na mji mzima ulijua pia kichekesho chake: mbele ya kipaza sauti aliunguruma mpaka kuku wakakimbia, lakini akishuka garini alikuwa na sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi.

"Ulipita kichochoroni siku ile?"

"Nilipita, afande."

"Ulitangaza?"

"Nilitangaza."

"Wao wanasema hukupita."

Kipaza alikunja kitambaa chake mara mbili. "Kama wanasema hivyo, basi andika hivyo."

"Unakubali kwamba hukupita?"

"Nakubali kosa ni langu."

"Sikukuuliza kosa la nani. Nimekuuliza kama ulipita."

Kipaza akarudi kufuta spika. Inspekta akaegemea gari ili kulipumzisha goti. Alikwisha kuona wanaume wakificha makosa yao, tena wengi, lakini wanaoficha makosa yao huongea sana. Huyu alikuwa amefunga mdomo kama aliyebeba kitu cha mwenzake.

"Wakikufukuza utafanya nini?"

"Nitalima."

"Una shamba?"

"Sina."

Wote wawili wakacheka kidogo, cheko la watu waliokwisha kukata tamaa, na Inspekta akajikuta anampenda mtu yule. Hilo lilimuudhi, kwa sababu kumpenda mshukiwa ni nusu ya kuharibu kazi.

Pembeni ya kichochoro, pale barabara inapoishia, palikuwa na karakana ya mafundi bati. Walitengeneza masanduku, makarai na mabomba ya mifereji, na tangu asubuhi mpaka giza nyundo zao hazikulala. Mkubwa wao, mtu wa mabega mapana na masikio yaliyokwisha kuchoka, aliwaashiria vijana wake wapumzike ili azungumze na serikali.

"Gari la Kipaza? Lilikuja, bwana. Lilisimama hapa hapa, likanizibia mlango, nikamtukana kidogo kama kawaida yetu."

"Una hakika ni siku ile?"

"Siku ile ile tulikuwa hatuna umeme. Tena alinipa shauri niteke maji, nikateka pipa zima."

Inspekta akatoa kalamu. "Akashuka garini?"

"Hushuka kila mara. Anatangaza, halafu anaingia kichochoroni kwa miguu, anakaa kidogo, anatoka anatabasamu." Fundi akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Afande, mimi si mtu wa umbeya."

"Naona."

"Ila ana mtu wake humo. Mwanamume hatabasamu hivyo bure."

Ilikuwa nadharia nzuri, na Inspekta aliikaribisha kwa moyo wote. Mtu anaingia kwa mpenzi wake, anajisahau, na majirani wanakubaliana kumsitiri mwanamke kwa kusema gari halikuja kabisa. Ingeeleza ukimya wa Kipaza, ingeeleza uongo uliokatwa kwa mkasi mmoja. Akafungua mdomo amuulize fundi ni mlango upi. Wakati huo huo vijana wakaona mapumziko yametosha, nyundo zikaanza, na swali lake likapotea hewani. Alirudia kwa sauti. Fundi akaweka kiganja sikioni. Akarudia tena, akipiga kelele mpaka koo likamkwaruza, na fundi akamjibu, "Mfereji wa jana? Wa jana tumeuza."

Inspekta akasimama pale barabarani, anatazama nyundo zinavyopanda na kushuka. Kisha akageuka, akaenda zake barazani kumchukua Kipaza na gari lake.

Alimwagiza afanye kama anavyofanya siku zote: asimame pale pale, aweke sauti pale pale, atangaze lolote. Yeye mwenyewe akaingia kichochoroni kwa miguu. Gari lisingeweza kuingia. Watu wawili wenye ndoo walipishana humo kwa kugeuka ubavu. Alisimama katikati, mbele ya nyumba ya fundi cherehani, akatega sikio. Kwa mbali alimwona Kipaza dirishani mwa gari, kipaza sauti mdomoni, mashavu yamemjaa. Alisikia nyundo. Alisikia bati likilia na redio ya mtu. Tangazo hakulisikia hata neno moja.

Basi hawakumdanganya waliposema hawakusikia gari, aliwaza. Hawajawahi kulisikia, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Lakini Katibu alisema hawa ndio wa kwanza mikutanoni. Mtu hawezi kuwahi mkutano ambao hakuusikia, na ujumbe wa simu baraza limeuanza juzi juzi tu, baada ya mnara mpya kujengwa. Kabla ya hapo, miaka yote ile, habari ilikuwa inaingia humu kwa mlango mwingine. Kipaza alikuwa anashuka garini kwa sababu alijua sauti yake haifiki. Alikuwa anamletea mtu habari mkononi, na mtu huyo alikuwa anaisambaza. Ni nani, na kwa nini watu wazima, wote kwa pamoja, hawataki kumtaja?

Akaitazama milango. Asubuhi aliibisha yote bila kuiona, akatahayari kidogo mbele ya nafsi yake. Upande wa kulia wa kila mlango, usawa wa kifua chake, palikuwa na kidoa kilichobanduka rangi mpaka mbao ikaonekana, na mbao yenyewe imelainika na kung'aa. Si vidole vinavyofanya hivyo. Kitu kigumu, kidogo, cha mviringo, kimegonga pale pale mara nyingi kuliko anavyoweza mtu kuhesabu. Mlango wa kijani ulikuwa nacho. Wa buluu ulikuwa nacho. Mwekundu uliopakwa rangi karibuni ulikuwa umeshaanza kubanduka upya. Inspekta alitembea polepole mpaka mwisho wa kichochoro, akigusa kila alama kwa kidole, na mlango wa mwisho, mdogo, usio na rangi ya maana, ambao asubuhi hakuna aliyeitika, aliuchunguza mara mbili kwa sababu haukuwa na alama yoyote.

Mtu hajipigii hodi mwenyewe.

"Ingia, mwanangu," sauti ilitoka ndani kabla hajabisha. "Umesimama muda mrefu kama mdai kodi."

Ndani palikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, meza, stuli mbili, na bibi mdogo wa mwili aliyekuwa anachambua mchele kwenye sinia. Fimbo yake ilikuwa imeegemea ukutani. Kirungu cha fimbo ile kilikuwa na madoa ya kijani, ya buluu na mekundu, yamepandana. Inspekta aliitazama fimbo, akaketi, akashika goti lake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe si wa hapa. Humu mimi ndiye Bibi Hodi, hakuna mtoto nisiyemjua. Umeniletea habari?"

"Nimekuja kuuliza. Kipaza alipita kwako wiki iliyopita?"

Uso wa bibi uliwaka furaha. "Kijana wangu? Hawezi kuja upande huu asipite. Alinipa tangazo lote, nikalirudia neno kwa neno mbele yake, ndivyo tunavyofanya tangu enzi, ili lisipungue njiani. Nikachukua fimbo, nikaenda nyumba zote."

"Uliwaambia nini, Bibi?"

Aliuacha mchele, akakaa wima, akasema kwa sauti iliyopangwa, sauti ya mtu anayeifahamu kazi yake: "Baraza linawatangazia. Watoto wote wa chini ya miaka mitano wapelekwe shuleni asubuhi wakachanjwe surua. Mama asiyeweza kutembea aseme, tutambebea mtoto."

Inspekta hakuandika. Chanjo ile aliikumbuka. Yeye mwenyewe alisimama kwenye foleni yake, akiwa amembeba mwanawe wa kwanza aliyekuwa analia mpaka anakohoa, na mwanawe huyo sasa ananyoa ndevu. Moyo ulimwuma ghafla, na hakujaribu kujidanganya kwamba ni goti.

Maneno aliyopewa na Kipaza siku ile bibi aliyarudia vizuri, bila kupunguza. Kutoka stuli hii mpaka mlango wa kwanza yalikuwa yameshateleza, na ya zamani, yaliyokaa kichwani muda mrefu, yakapanda juu kuchukua nafasi yao.

"Ahsante, Bibi," alisema.

"Usiniambie ahsante, wote humu siku hizi wananiambia ahsante." Bibi aliinama karibu. "Wewe ni mtu wa serikali, nikuulize wewe. Chiriku yuko wapi?"

Inspekta akaitazama sinia.

"Nimeuliza nyumba ya kwanza, wakaniambia kaenda kwa shangazi yake. Ya pili, kaenda kwa shangazi yake. Milango yote, jibu moja, na wote wanatazama chini. Mwanangu, baba yake mtoto yule alizaliwa peke yake. Mimi ndiye niliyemwosha alipozaliwa. Chiriku hana shangazi." Alichota mchele kiganjani, akaurudisha kwenye sinia. "Miaka yote hii mimi ndiye niliyewapelekea habari, ya heri na ya msiba, sikuwahi kumruka mtu. Leo habari zinapita mlangoni kwangu bila hodi."

Alikuwa amegundua kwa njia ile ile aliyogundua Inspekta, na bila mshahara. Inspekta alisimama taratibu, akamwambia kwamba habari hiyo ina mwenyewe, na kwamba atakwenda kumwita.

Fundi cherehani alikuwa kazini, maana bili ya hospitali haingoji. Alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu na sindano nyingi zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Alipomwona Inspekta akaacha kukanyaga cherehani.

"Gari halikupita, afande, na—"

"Bibi Hodi aligonga mlango wako asubuhi ile," Inspekta alisema kwa upole. "Alikwambia umpeleke mtoto akachanjwe surua."

Mama Chiriku akaganda. Kitambaa alichokuwa anashona kiliteleza, kikaanguka sakafuni, hakuna aliyekiokota.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Wewe ulimjibu nini?"

Alichomoa sindano moja, akaichomeka tena mahali pale pale.

"Nilimwambia ahsante, Bibi, nitampeleka. Halafu nikafunga mlango, na baadaye nikamchotea mtoto maji bombani." Alitazama beseni lililokuwa pembeni. "Nilikuwa nimeloweka nguo za mteja kwa dawa ya madoa, nyumba nzima inanuka dawa. Maji yalinuka, sikushtuka. Angenusa mtu mwingine angeshtuka, mimi sikushtuka."

"Mmejua kwa muda gani kwamba anasahau?"

"Tangu kiangazi. Alianza kwa kutuita mkutano uliokwisha zamani, tukaenda, tukakuta ofisi imefungwa, tukacheka. Mara ya pili hatukucheka. Lakini angalia, afande, simu zilikuwa zimeshaanza kutuletea ujumbe. Simu ndiyo iliyokuwa inatuambia. Yeye tulikuwa tunamshukuru tu. Ilikuwa inatosha. Anatembea, anagonga, anatuona, anarudi kwake amechangamka. Tungemwambia nini? Kaa ndani, kazi yako imekwisha?"

"Na Kipaza hamkumwambia."

"Angeacha kumpitia." Alifuta macho kwa ukanda wa kupimia. "Siku nilipompeleka mtoto hospitali alikuja, akanikuta huko huko barazani, nje ya wodi. Nikamweleza yote. Akakaa chini sakafuni na nguo zake za kazi. Kisha akasema, semeni gari halikupita, mimi nitabeba. Akijua bibi, atakufa. Nikapita mlango hadi mlango kuwaambia majirani waseme hivyo. Mimi ndiye niliyebisha hodi mara hii."

Inspekta aliinama, akakiokota kile kitambaa, akakikunja. Kazi yake ilikuwa imekwisha pale. Alikuwa na alama, alikuwa na fimbo, alikuwa na shahidi. Angeweza kuondoka na kuandika. Lakini hakuondoka.

"Ana watoto shule, yule Kipaza," alisema.

"Najua. Silali."

"Na Bibi Hodi anamtafuta mtoto wako. Ameshatambua kwamba hana shangazi."

Mama Chiriku akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, nusu kilio. "Nimsahaulishe vipi mtu ambaye anasahau kila kitu isipokuwa hilo?"

"Usimsahaulishe. Mwambie."

"Nitamuua, afande."

"Nimetoka kuzungumza naye. Kinachomuua ni kurukwa."

Nyundo zilisikika kwa mbali. Mama Chiriku alizitazama sindano zake, akazichomoa moja moja, akazipanga kwenye kopo, akavaa viatu. Walitoka pamoja. Majirani walisimama milangoni, kila mmoja karibu na alama yake, na mmoja wao, mwanamume mzima mwenye ndevu, akafunika uso kwa kiganja.

Bibi Hodi alikuwa amekwisha kuchambua mchele na ameanza upya. Mama Chiriku hakukaa kwenye stuli. Alipiga magoti, akaiondoa sinia, akaishika mikono miwili ya bibi. Alimwambia yote kwa mpangilio, tangi, dawa, hodi, surua, kikombe. Hakulia mpaka alipofika kwenye kikombe. Inspekta alibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Bibi alisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza Kipaza, midomo ikirudia kila neno bila sauti.

"Na wewe ukanijibu nini?" aliuliza mwishowe.

"Nikakujibu ahsante."

"Ungeniambia, mwanangu. Ungeniambia tu, Bibi, hiyo ni ya zamani, rudi kwa Kipaza kaulize tena. Ningerudi. Miguu ninayo." Machozi yalimtoka kimya kimya, yakapita kwenye mikunjo ya mashavu. "Mlinionea huruma mpaka mkaacha kunisikiliza."

"Tulikosa, Bibi. Tulikosa wote."

"Anaumwa sana?"

"Anapona. Jana alikunywa uji. Hajasema bado."

"Chiriku hajasema," bibi alirudia, na hilo ndilo lililomvunja. Alilia kwa sauti, na mama wa mtoto akamkumbatia, wakalia pamoja. Inspekta akageuza uso kuelekea kichochoroni, akaona hakuna faida, akajifuta macho hadharani.

Walipotulia, bibi alimtafuta kwa macho. "Mtu wa serikali. Kijana wangu hana kosa. Niandike mimi."

"Nitaandika ilivyokuwa, Bibi. Kwamba gari lilikuja, kwamba sauti yake haijapata kufika humu, kwamba aliijua kasoro hiyo akashuka kwa miguu. Kwamba baraza limepeleka habari zake zote kwa fimbo yako, miaka yote, bila kujua kwamba uko duniani."

"Na mimi nitakuja kesho kusema mbele ya kamati," Mama Chiriku alisema. "Nitasema tulijua, tukanyamaza. Nitakuja na majirani."

Kutoka nje yule mwenye ndevu akaitikia, "Tutakuja," na sauti nyingine mbili tatu zikaitikia nyuma yake. Inspekta akatoa kalamu, akaketi kizingitini, goti limenyooka njiani, akaanza kuandika maelezo. Aliandika polepole kama kawaida yake. Bibi Hodi alikuwa ameketi, mkono wake mmoja bado umo mikononi mwa mama wa mtoto.

"Kesho nitakuwa nimesahau," alisema.

"Huenda," Mama Chiriku alijibu.

"Nitakuuliza tena Chiriku yuko wapi. Utaniambia kaenda kwa shangazi?"

"Sitasema hivyo tena."

"Hata ikiniliza kama leo?"

"Hata ikikuliza. Kila ukiuliza nitakwambia alipo na amekula nini, kila siku, Bibi, mpaka siku utakaponiuliza nikakwambia geuka, yuko nyuma yako."